Kemo imeisha, mbona mwili bado?

Miezi minne baada ya dripu ya mwisho ya kemo, zile dawa kali za kansa, nilikaa kitandani asubuhi moja nafunga vifungo vya blauzi. Vifungo saba tu, vidogo vya kawaida, na vilinichukua muda mpaka aliyekuwa ananisubiri nje akaja kuchungulia mlangoni kuna nini. Kidole gumba kipo, cha shahada kipo, kifungo nakiona kabisa kwa macho, lakini vidole havikioni, yani ndo hivo naweza kueleza, vidole vilikuwa vipofu. Nadhani nimeshika kifungo kumbe nimeshika kitambaa. Nilipofika cha nne nikaanza kulia, na sikulilia kifungo jamani, nililia kwa sababu wiki hiyo hiyo watu watatu tofauti walikuwa wameniambia hongera umeshapona sasa rudi kwenye maisha yako, na mimi najiuliza kama nimepona mbona siwezi kuvaa nguo mwenyewe.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kitandani hivo leo, na kwa anayemsubiri pale mlangoni pia. Wengi wetu tunaandaliwa vizuri tu kwa ajili ya madhara ya wakati wa dozi, tunaambiwa utatapika, nywele zitatoka, ukipata homa kimbia hospitali. Lakini yale yanayobaki baada ya dozi kuisha, au yale yanayoanza ukiwa umeshaisha, hayo unakuja kukutana nayo mwenyewe nyumbani na unaanza kujihukumu. Unajiona mvivu. Unajiona mtu wa kulalamika. Au usiku unalala unawaza kansa imerudi. Nilichokuja kuelewa baada ya kuuliza sana na kusoma sana ni kwamba kila dhara lina saa yake, na saa hiyo inategemea ni seli za aina gani zilizopigwa. Ukijua saa ya tatizo lako unajua kama ni la kusubiri, la kufanyia kazi, au la kwenda nalo kwa daktari leo leo.

Sasa tuanze na jinsi kemo inavyofanya kazi maana hapo ndo mengine yote yanapojipanga. Dawa za kwanza za kemo zilitokana na gesi ya haradali, ile silaha ya vita. Ilishaonekana kwamba waliovuta ile gesi chembe nyeupe za damu zao zilikuwa zinapotea, ndipo mwaka 1942 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani wakamchoma mgonjwa wa limfoma, kansa ya tezi za limfu, dawa ya jamii hiyo na uvimbe ukasinyaa kwa muda. Wazo lilikuwa rahisi na kwa dawa nyingi bado ni hilo hilo mpaka leo, kansa ni seli zinazogawanyika kwa kasi bila kusikia la mtu, basi tupige kila kinachogawanyika kwa kasi. Na mwilini vinavyogawanyika kwa kasi ni vingi. Mizizi ya nywele, ngozi laini ya ndani ya utumbo ambayo inajibadilisha kila baada ya siku 3 mpaka 5 hivi, uboho ndani ya mifupa unaotengeneza damu usiku na mchana. Ndo maana ukiwa kwenye dozi nywele zinatoka, tumbo linaharibika, damu inashuka.

Lakini angalia hapa, seli zinazogawanyika kwa kasi zinaumia haraka na zinapona haraka pia, damu kwa dawa nyingi inapanda ndani ya wiki 3 au 4, mdomo unapona, nywele zinaanza kuchomoza. Wakati huo kuna seli nyingine ambazo hazikulengwa ila zilipitiwa tu na dawa, mishipa ya fahamu, misuli ya moyo, mayai ya uzazi, vinyweleo vidogo sana ndani ya sikio vinavyonasa sauti, na hizi hazijizalishi upya au zinajitengeneza pole pole mno. Kwa hiyo sehemu ulizoumia mbele ya macho ya watu ndo hizo hizo zinazopona mbele ya macho ya watu. Nywele zimerudi, uso umejaa, umeongezeka kilo mbili tatu, kila mtu anaona umepona. Kilichobaki kimebaki ndani ambako hakuna anayeona, na saa nyingine hata vipimo vya kawaida havikioni.

Nianze na ganzi maana ndo niliyoishi nayo na ndo inayosumbua wengi. Dawa zinazojulikana zaidi kwa hili ni paklitakseli na dosetakseli, halafu zile za jamii ya platini kama sisplatini na oksaliplatini, kuna vinkristini, na kuna botezomibu kwa wenye myeloma, kansa ya uboho. Inaanzia kwenye ncha za vidole vya miguu, inapanda, inakuja kwenye vidole vya mikono, mpaka inakuwa kama umevaa soksi na glavu ambazo huwezi kuzivua. Kuna anayesikia ganzi tupu, kuna anayechomwachomwa kama sindano, kuna anayewaka moto usiku hata shuka likigusa mguu ni maumivu. Kwanini miguu kwanza? Kwa sababu mshipa unaofika kidole gumba cha mguu ndo mrefu kuliko yote, unatoka karibu na uti wa mgongo sehemu ya kiuno mpaka chini kabisa, ni kama mita 1 nzima, na wote huo ni seli moja. Ndani yake kuna kitu kama reli, vijirija vidogo vinavyosafirisha chakula na mizigo kutoka kwenye kiini cha seli kwenda mwisho wa mshipa. Paklitakseli inaua kansa kwa kugandisha vijirija vya aina hiyo hiyo ndani ya seli ya kansa ishindwe kugawanyika, sasa ikifika kwenye mshipa inagandisha na vya huko, mizigo inakwama njiani, na wa mwisho kwenye reli ndo wa kwanza kukosa. Zile za platini zenyewe zinaenda kukaa kwenye viini vya mishipa ya hisia pembeni ya uti wa mgongo, mahali ambapo ule ukuta unaozuia sumu kuingia ni dhaifu.

Na hapa kuna jambo moja ambalo natamani kila anayemaliza dawa za platini aambiwe siku anayotoka. Ganzi yake inaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa BAADA ya dozi ya mwisho. Yani umemaliza, unasubiri nafuu, mwezi wa pili ganzi imepanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kifundo, ni rahisi sana kuchanganyikiwa ukadhani kansa iko kwenye uti wa mgongo. Mara nyingi ni ile dawa iliyobaki kwenye viini inaendelea na kazi yake. Bado mwambie daktari, usijipime mwenyewe, ila usikose usingizi wiki nzima kabla ya kumwambia.

Je inaisha? Kwa wengi inapungua, kwa baadhi haiishi yote. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti nyingi pamoja wakapata kwamba mwezi wa kwanza baada ya kemo watu kama 68 kati ya 100 walikuwa na tatizo la mishipa, mwezi wa tatu 60, na miezi sita kwenda mbele 30. Mimi namba hizo zilinisaidia kwa pande zote mbili, maana zinasema ndio kuna nafuu inakuja kwa zaidi ya nusu ya tulioanza nayo, na zinasema pia ukibaki nayo wewe sio kituko, mpo wengi.

Kuhusu dawa ya ganzi nitasema ukweli tu, hakuna dawa inayojulikana ya kuurudisha mshipa ulivyokuwa. Iliyopo na ushahidi ni ya kupunguza maumivu, inaitwa duloksetini, kwa asili ni dawa ya msongo na sonona lakini inatuliza ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo. Utafiti wa mwaka 2013 uliochukua watu 231 ulionesha 59 kati ya 100 waliotumia walipata kupungua kwa maumivu, ukilinganisha na 38 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Sio muujiza lakini kwa mtu ambaye halali usiku ni kitu kikubwa. Inasaidia zaidi ile ya kuwaka na kuuma kuliko ganzi tupu, na ukiianza usiikate ghafla. Kama unatumia tamoksifeni kwa ajili ya kansa ya matiti mkumbushe daktari kabla hajakuandikia dawa yoyote ya aina hii, sababu baadhi yake zinazuia tamoksifeni isifanye kazi yake mwilini.

Halafu kuna virutubisho, na hapa naomba unisikilize kwa makini maana ndo tunapopoteza hela na saa nyingine tunajiumiza. Kuna kirutubisho kinaitwa asetili kanitini, kiliaminika sana kwamba kinalinda mishipa, wakakipima kwa wanawake 409 waliokuwa kwenye dawa za jamii ya paklitakseli, matokeo yakatoka mwaka 2013: waliokitumia ganzi yao ilikuwa MBAYA zaidi kuliko wasiokitumia. Vitamini B6 nayo watu wanaimeza kwa wingi kwa ajili ya mishipa bila kujua kwamba B6 ikizidi sana yenyewe inaleta ganzi. Kinachofaa ni kupima, kama B12 iko chini irudishwe, kama una kisukari sukari idhibitiwe, pombe iachwe au ipungue sana, maana vyote hivi vinaongeza uzito juu ya mshipa ambao umeshachoka.

Kinachobaki ni kuishi na miguu isiyokupa taarifa. Mguu wa ganzi ukikanyaga kitu chenye ncha hauambiwi. Mimi nilitembea na kijiwe ndani ya kiatu mchana mzima, nimekuja kuvua viatu jioni soksi ina damu, sikusikia chochote kabisa. Tangu siku hiyo kila jioni nakaa chini ya taa nageuza unyayo mmoja baada ya mwingine, napita na macho katikati ya vidole, na asubuhi nafanya kumimina kiatu kabla ya kuingiza mguu. Maji ya kuoga pima kwa kiwiko sio kwa vidole. Ukiamka usiku washa taa, maana ganzi ya miguu inakuondolea ile hisia ya kujua umesimama vipi na gizani macho hayawezi kukusaidia, hapo ndo watu wanaanguka. Mtaalamu wa viungo anaweza kukupa mazoezi ya kusimama kwa mizani, unaanza umeshika meza, mguu mmoja sekunde chache, unaongeza. Ukiambiwa kuna mtaalamu wa namna hiyo hospitali unakotibiwa usidharau, mimi vifungo vyangu vilirudi kwa mazoezi ya kuokota punje za maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine mara mbili kwa siku, kitu ambacho mwanzoni nilikiona cha kitoto.

Na ukienda kliniki usiseme tu "bado nina ganzi". Madaktari wanapima kwa madaraja na kinachotofautisha madaraja ni kazi ganzi inayokuzuia kuifanya. Kusikia ganzi tu ni daraja la kwanza, kushindwa kuandika au kushika simu ni la pili, kushindwa kujivalisha au kujilisha ni la tatu. Kwa hiyo sema nashindwa kufunga vifungo, nimeangusha kikombe mara tatu wiki hii, nimejikwaa kwenye ngazi. Hapo ndo kalamu inasogea kwenye faili.

Tuje kwenye uchovu. Hili neno ni dogo kuliko kitu chenyewe, manake uchovu kila mtu anaujua na ndo sababu hakuna anayekuelewa, unamwambia mtu nimechoka anakwambia hata mimi. Huu ni ule ambao umelala masaa tisa mazima ukaamka na mwili kama umejazwa mchanga, unapanga kuosha vyombo unaosha sahani mbili unahitaji kukaa. Usingizi hauumalizi. Inaaminika sehemu kubwa inatokana na mwili kubaki kwenye hali ya mapambano, zile kemikali ambazo mwili unazitoa ukiwa na homa zinaendelea kutoka kidogo kidogo, ndo maana unajisikia kama mtu anayetaka kuugua malaria lakini malaria haiji. Juu yake inaongezeka misuli iliyosinyaa kwa kukaa miezi, usingizi uliovurugika, na mawazo.

Kabla hujakubali kwamba ni uchovu wa kemo omba vipimo, kwa sababu kuna vinavyofanana nao ambavyo vina dawa kabisa. Wingi wa damu, tezi ya thairoidi ambayo ipo hapa shingoni, madini ya chuma, sukari, moyo kama ulipewa dawa zinazogusa moyo. Sonona pia, na kuwa na sonona baada ya kansa sio udhaifu wa imani wala wa akili. Vikitoka vyote viko sawa basi dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko zote inashangaza kidogo, ni kujitikisa. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi wa tafiti 113 ukilinganisha mazoezi, ushauri wa kisaikolojia na vidonge kwa uchovu wa kansa, na mazoezi pamoja na ushauri vilivishinda vidonge wazi wazi. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali wakakubaliana kiwango, mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo kama kutembea haraka dakika 30 mara 3 kwa wiki, ukiweza na ya kukaza misuli mara 2 kwa wiki.

Najua unaposoma hapo unasema dakika 30 huyu hajui anachosema, mimi kufika chooni ni safari. Najua. Dakika 30 ndo unakoenda, unaanzia ulipo. Dakika 3 kutoka mlangoni mpaka nje na kurudi, kwa wiki nzima, halafu 5. Kosa kubwa ambalo karibu wote tunalifanya ni lile la siku nzuri, siku moja unaamka mwepesi unasema leo namaliza kila kitu, unafua, unapanga kabati, unapokea wageni, halafu siku tatu zinazofuata uko chini kabisa. Siku nzuri fanya kidogo kuliko unavyoweza na siku mbaya fanya kidogo kuliko siku nzuri, lakini fanya. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari saa ngapi nina nguvu, ikaonekana ni kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, basi kitu kimoja cha maana cha siku nikakiweka hapo na vingine nikaviacha visubiri au wengine wafanye.

Kichwa nacho. Unaingia chumbani hujui umefuata nini, jina la mtu uliyefanya nae kazi miaka kumi halitoki, unasoma ukurasa mmoja mara nne. Kwa miaka mingi wagonjwa waliosema hivi walikuwa wanaambiwa ni wasiwasi tu, siku hizi picha za ubongo na vipimo vya kumbukumbu vinaonesha mabadiliko kweli yapo kwa baadhi ya watu, na hayatoki kwa kemo peke yake, kuna kansa yenyewe, homoni kushuka, kukosa usingizi, dawa za maumivu. Kwa wengi panakucha taratibu ndani ya mwaka hivi, baadhi inakaa zaidi. Inayosumbua sana ni kufanya mambo mawili kwa pamoja kuliko kumbukumbu yenyewe, kwa hiyo zima redio unapoandika, simu iweke chumba kingine, fanya kimoja umalize. Andika kila kitu na usione aibu kuandika mbele za watu. Ila ikiwa kichwa kinazidi kuwa kibaya badala ya kutulia, au kinakuja na kuumwa kichwa kwingine usikokuzoea, kutapika, upande mmoja kulegea, kuona vibaya, hiyo sio ya kuandika kwenye daftari, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nywele na kucha nipite haraka maana zina saa inayoeleweka. Nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi na mara nyingi zinarudi tofauti, laini zaidi au zimejisokota au rangi nyingine, baadae nyingi zinarudi kama zamani. Kucha ya mkono inachukua kama miezi 6 kujibadilisha yote, ya mguu mwaka 1 mpaka 1 na nusu, kwa hiyo ule mstari au weusi unaouona utasukumwa mbele pole pole mpaka utoke. Mdomo mkavu unaoza meno kimya kimya, kamuone daktari wa meno na mwambie umetoka kwenye kemo. Na kuhusu chanjo, zile za vijidudu hai husubiri angalau miezi 3 baada ya kemo, uliza kabla hujachomwa.

Sasa lile ambalo kliniki watu wanaliuliza wakiwa wameshika kitasa cha mlango wanatoka. Kwa wanawake dawa kama siklofosfamidi zinamaliza mayai, hedhi inakata, ukiwa na miaka chini ya 35 kuna nafasi nzuri ya kurudi na ukiwa umevuka 40 mara nyingi hairudi. Joto linapanda ghafla usiku unaloa jasho, uke unakuwa mkavu, tendo la ndoa linauma, hamu haipo, na mume anadhani umemchoka. Ongeeni. Vilainishi vya maji vipo, vya kulainisha uke vya kutumia kila siku chache vipo, na kwa lile joto kuna dawa zisizo za homoni. Usijitibu kwa homoni wala kwa mitishamba inayosemwa inaongeza homoni kama kansa yako ni ile inayolishwa na homoni, hapo unaweza kuwa unaimwagilia maji. Na hedhi kukata haina maana huwezi kushika mimba, yai linaweza kutoka bila taarifa, kwa hiyo kinga ya uzazi iendelee mpaka daktari aseme. Kwa wanaume mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri na kurudi baada ya miaka au zisirudi, na kuna kipimo rahisi tu cha kujua. Hedhi ikikata mapema mifupa nayo inapoteza uimara, uliza kuhusu kipimo cha uzito wa mifupa, kalsiamu na vitamini D.

Halafu yapo yanayokaa kimya kabisa na hayo ndo yananifanya nisisitize jambo la karatasi yenye orodha ya dawa ulizopewa, nitaieleza mwishoni. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayofanya hata mkojo uwe mwekundu, inaumiza misuli ya moyo kadiri jumla yake inavyopanda, na jumla hiyo ni ya maisha yako yote haifutiki. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2003 ulionesha moyo kushindwa kufanya kazi kwa watu kama 5 kati ya 100 jumla ikifika miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na 26 kati ya 100 ikifika 550. Ndo maana kuna kikomo. Shida inaweza kujitokeza baada ya mwezi au baada ya miaka kumi, unapumua kwa shida ukipanda ngazi, unahitaji mito mitatu ili ulale, miguu inavimba jioni. Unaenda hospitali nyingine kabisa, daktari hakujui, ukimwambia nilipewa kemo zamani haimsaidii, ukimwambia nilipewa doksorubisini jumla kiasi hiki anaagiza eko, kipimo cha picha ya moyo, palepale. Bleomisini nayo inaweza kuacha mapafu na makovu, na kama siku moja utafanyiwa upasuaji wowote hata wa jino lazima daktari wa usingizi ajue uliwahi kuipata, kwa sababu oksijeni nyingi wanayokupa ukiwa umelala inaweza kuyaharibu mapafu hayo. Sisplatini inakata sauti nyembamba masikioni na kuacha mlio usioisha, na figo nazo zinahitaji kupimwa mara kwa mara. Ukiona unawauliza watu "umesemaje" mara nyingi kuliko zamani sio uzee, kapime masikio.

Kulikuwa na daktari mmoja Mmarekani, Fitzhugh Mullan, aliugua kansa mwenyewe, na mwaka 1985 aliandika kwamba tiba imejua kuwatoa watu majini wasizame lakini ikishawatoa inawaacha ukingoni wakikohoa peke yao ikidhani kazi imeisha. Miaka zaidi ya 40 imepita na bado wengi tunakohoa ukingoni. Wakati wa dozi ulikuwa na ratiba, nesi anajua jina lako, kila wiki mtu anakupima, halafu ghafla unaambiwa uje baada ya miezi mitatu. Hofu inaingia kwenye hiyo nafasi iliyobaki. Kila maumivu ya mgongo ni kansa. Mimi nilifika mahali nikakubaliana na mwenyewe, maumivu mapya nayapa wiki mbili, yakipungua nayaacha, yakibaki pale pale au kuongezeka naenda, na siyazungumzii na intaneti saa nane usiku. Hayo ya wiki mbili hayahusu kupumua kwa shida, kifua kubana, homa, mguu mmoja kuvimba, kushindwa kuzuia haja au miguu kulegea ghafla. Hayo hayapewi hata usiku mmoja.

Kwa wewe uliye nae nyumbani, usimwambie mbona unaonekana vizuri. Muulize leo nini kimekushinda, halafu fanya hicho.

Na hiyo karatasi. Siku ya kliniki inayofuata omba uandikiwe, au andika mwenyewe mbele ya nesi akusahihishe: jina la kansa na hatua yake, jina la kila dawa uliyopewa, jumla ya dozi hasa doksorubisini, bleomisini na sisplatini, tarehe ya kwanza na ya mwisho, mionzi kama ulipigwa na ni sehemu gani ya mwili, vipimo gani virudiwe na lini. Ukurasa mmoja unatosha. Ipige picha iwe kwenye simu yako na ya mtu mwingine mmoja, karatasi yenyewe ikae kwenye pochi. Yangu imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo, nitaiandika upya wiki hii, kwa mkono wangu.